Chakula cha Mimea Ndani ya Maji: Sababu ya Kuwa na Chupa Mbili

Wako watu wa mjini wasio na shamba wala bustani ambao huotesha sukuma wiki katika ndoo ya maji, mbele ya mlango wa chumba. Jambo hili si uchawi. Katika miaka ya 1860 wataalamu wawili wa Ujerumani, Julius Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha ya kuwa mmea hauli udongo, bali hunywa chumvi zilizoyeyuka katika maji. Na mwaka 1938 Hoagland na Arnon, wa Chuo Kikuu cha California, walitoa vipimo vinavyofuatwa hata leo.

Walakini wengi hununua chumvi hizo kwa fedha nyingi, wakazitia zote katika chupa moja, na baada ya majuma machache majani yakawa manjano. Itazame chupa hiyo, msomaji, utaona unga mweupe umetuama chini. Huo ndio chakula kilichopotea. Kalsiamu ikikutana na salfeti katika maji machache hugeuka kuwa jasi. Ikikutana na fosfeti hugeuka kitu kigumu mfano wa mfupa. Mizizi haiwezi kunywa jiwe.

Basi hapana budi kuwa na chupa mbili za lita 1 kila moja. Katika chupa A yeyusha naitreti ya kalsiamu gramu 240. Katika chupa B yeyusha naitreti ya potasiamu gramu 100, fosfeti ya potasiamu (mfuko wake huandikwa MKP) gramu 27, na salfeti ya magnesiamu gramu 100, ile ambayo wazee waliinywa kwa jina la haluli. Chuma, zinki, boroni na madini mengine yatakiwayo kidogo sana, ununue yakiwa yamekwisha changanywa, upime kama karatasi yake isemavyo. Usikisie kwa kijiko. Tafuta mizani ndogo.

Siku ya kutumia, jaza ndoo kwanza maji lita 20. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Mimina mililita 100 za A, koroga sana, ndipo utie mililita 100 za B. Katika maji mengi namna hii chumvi hazisongamani, wala hazigandi. Miche michanga ipewe nusu ya vipimo hivi. Uchachu wa maji, yaani pH, uwe kati ya 5.5 na 6.5; kipimo kikipanda mno, chuma huganda.

Ndoo iwe ya plastiki, si ya bati, maana zinki iliyopakwa juu ya bati huyeyuka ikazidi kiasi. Uifunike mwanga usiingie, lakini usiijaze maji hadi ukingoni, kwani mizizi nayo huvuta hewa.

Chupa ziandikwe A na B kwa wino usiofutika, ziwekwe mahali penye giza wasipofika watoto. Naitreti iliyo kavu isikae karibu na jiko, kwa kuwa huchochea moto.