Fundi Asemapo Injini Imekufa

Msomaji mpendwa, twende pamoja kwa fikra hadi mlima Kitonga, katika njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa. Baba mmoja wa familia, tumtwae kwa mfano tu, anaupanda mlima huo kwa motokaa yake, mkewe na watoto watatu wakiwa ndani, na shule zimekaribia kufunguliwa. Mara mshale wa joto unapanda, na mvuke unatoka chini ya boneti. Gari linavutwa hadi gereji ya kwanza mjini. Fundi anafunua boneti, anatazama dakika tano, anatikisa kichwa na kusema: "Mzee, injini imekufa. Sharti ishushwe yote." Kisha anataja bei, nayo ni sawa na ada ya watoto wote watatu.

Baba huyo afanye nini? Akikubali, labda anaitupa ada ya watoto bure. Akikataa na kuendelea na safari, labda anaiua injini ambayo ingaliweza kuponywa, tena anawahatarisha wote waliomo. Moyoni mwake shaka imekwisha kuingia: "Huyu ananiibia." Lakini hajui kwa hakika, na shaka si ushahidi.

Katika jambo hili watu wengi huanguka upande mmoja kati ya pande mbili. Wako wanaoamini kila neno la fundi kwa kuwa hawajui kilichomo chini ya boneti, wakaona haya kuuliza. Na wako wanaosadiki kwamba mafundi wote ni wezi, wakawatukana na kuwatangaza ubaya mtaa mzima kabla ya kuhakikisha lolote. Wa kwanza hupoteza mali ya nyumba yake. Wa pili humpotezea mwenzake jina jema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yatuonya juu ya yote mawili: katika namba 2409 kazi iliyofanywa vibaya yahesabiwa pamoja na makosa dhidi ya amri ya saba, na katika namba 2477 yakatazwa kumdhania jirani uovu pasipo msingi wa kutosha.

Basi njia iliyo sawa ni ipi? Twaweza kuisema kwa maneno machache: usiihukumu roho ya fundi, lipime neno lake. Maana mafundi ni wa namna tatu. Yuko mkweli ajuaye kazi. Yuko mkweli asiyejua, anayebahatisha kwa kubadili spea moja baada ya nyingine mpaka gari lipone. Na yuko mdanganyifu. Hao wawili wa mwisho hukutia hasara ile ile, nawe huwezi kuona moyoni mwao. Lakini neno la kila mmoja wao laweza kupimwa kwa vipimo vile vile.

Turudi kwa baba yetu wa Kitonga. Injini yaweza kuchemka kwa sababu nyingi: bomba la maji limepasuka, rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji imechoka, au themostati, yaani kile kifaa kidogo kinachofungulia maji njia yapatapo moto, imekwama. Haya yote ni mambo madogo yakilinganishwa na kushusha injini. Lakini yaweza pia kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda kwa joto. Hapo fundi atakuwa amesema kweli, na kazi ni kubwa.

Mambo hayo hutambulikana. Injini ikiisha kupoa kabisa (wala usifungue kamwe kifuniko cha rejeta ingali ya moto, maana maji yatakuunguza), chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, yaelekea maji yameingia. Injini ikiwashwa, je, mapovu yanatoka katika rejeta bila kukoma? Je, moshi mweupe mzito unaendelea hata baada ya injini kupata joto? Mwisho, fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji, nawe uzione tarakimu kwa macho yako. Na themostati hupimwa hata jikoni: itie katika sufuria ya maji na kuyachemsha. Nyingi hufunguka maji yafikapo nyuzi 80 hadi 90 hivi. Ile inayobaki imefunga hali maji yanatokota, hiyo ndiyo mgonjwa.

Vipimo vikionyesha kwamba hedi imeharibika, baba yetu alipe kazi hiyo, na ile shaka aliyokuwa nayo juu ya fundi aitoe moyoni. Visipoonyesha, bado haijapatikana sababu ya kushusha injini, na amshukuru Mungu kwamba alitaka kuonyeshwa kabla ya kufungua mkoba.

Pengine mtu atasema: "Mimi napeleka gari langu kwenye kampuni kubwa, siyo chini ya mwembe." Asikie habari ya Marekani. Mwaka 1992 serikali ya jimbo la California iliishitaki kampuni kubwa ya Sears kwa ajili ya gereji zake. Wakaguzi walikuwa wamepeleka magari bila kujitambulisha, magari waliyoyajua hali yake, yaliyohitaji kazi ya breki tu. Katika safari 38, mara 34 waliambiwa watengeneze vitu visivyohitaji kutengenezwa. Sababu yake nini? Waliowapokea wateja walilipwa kamisheni kwa kila kilichouzwa, tena waliwekewa kiwango cha mauzo. Mtu aliyeajiriwa awe mshauri alikuwa amegeuzwa kuwa mchuuzi. Mwaka ule ule kampuni iliondoa mtindo huo wa malipo kwa washauri wake na kupatana na serikali. Twajifunza hapa kwamba jengo zuri si dhamana ya neno la kweli. Pia, mteja anayo haki ya kujua kama anayemshauri anapata faida kwa kila spea anayomwambia abadili.

Sasa tuyapange mambo ya kushika, ili kila nyumba yenye gari iyaweke akilini.

Kwanza, eleza dalili, usitaje dawa. Sema, "Gari linalia upande wa kushoto nikanyagapo breki." Usiseme, "Nibadilishie pedi," maana utabadilishiwa na kutozwa, hata kama ugonjwa uko mahali pengine.

Pili, lipia uchunguzi peke yake. Fundi aliyelipwa kwa kuchunguza hana haja ya kubuni ugonjwa ili apate chakula cha siku ile. Tukitaka ushauri wa bure, tusishangae tukilipishwa kwa njia nyingine.

Tatu, omba kuonyeshwa. Pedi mpya ya breki aghalabu ina unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki milimita 2 au 3, wakati wake umekwisha. Rula ya mwanafunzi yatosha kuamua neno hilo.

Nne, takeni makisio kwa maandishi, yenye bei ya spea na bei ya kazi mbalimbali, na ahadi kwamba hakuna litakaloongezwa pasipo ruhusa yenu. Jirani zetu wa Kenya waliyatia mambo ya namna hii katika Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012: makisio hutangulia, na gharama hairuhusiwi kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10.

Tano, dai spea za zamani na risiti. Aliyebadili kweli hana sababu ya kukunyima kile alichokitoa.

Sita, kazi ikiwa kubwa, mwulize fundi wa pili. Wala usimwambie aliyosema wa kwanza, ili aseme kwa macho yake mwenyewe. Lakini jihadhari: yakiwa ni mambo ya breki au usukani, gari lisiendeshwe kwenda kutafuta rai ya pili. Fundi na aletwe pale lilipo.

Na aliyekwisha kudhulumiwa je? Asiende kwa matusi, wala asijaribu kulitorosha gari usiku. Sheria yetu ya mikataba humruhusu fundi aliyefanya kazi kushikilia chombo hadi alipwe ujira wake. Ni afadhali kulipa huku ukiandika juu ya hesabu kwamba hukubaliani nayo, kisha kudai. Mtafute kwanza mwenye gereji, mkae peke yenu, umwonyeshe karatasi na spea. Mara nyingi neno humalizikia hapo. Lisipomalizika, pata maandishi ya fundi mwingine aliyelikagua gari. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kuwahadaa wateja katika biashara, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Mahakama nazo zipo.

Neno la mwisho ni kwenu, ndugu mafundi, maana ninyi pia mwalisoma gazeti hili. Mteja akiomba kuonyeshwa, msikasirike mkidhani ametia shaka heshima yenu. Mpeni geji aisome, mpeni kile kilichoharibika akishike mkononi. Na kama hamjui ugonjwa, semeni kwamba hamjui. Fundi asemaye, "Hili ni dogo, nenda zako salama," amepoteza ujira wa siku moja, lakini amepata nyumba nzima itakayorudi kwake miaka yote, na jirani zao pamoja nao.

Nasi wenye magari tusimsahau fundi wa namna hiyo. Tukimpata, tumlipe kwa wakati, tusimpunje kwa kubishana hadi senti ya mwisho, na tumtaje kwa wenzetu. Maana tukiwa wepesi wa kutangaza mwizi na wazito wa kutangaza mwaminifu, mwaminifu ataishi namna gani katika kazi hiyo?