Kusubu Sanamu kwa Njia ya Nta

Katika mtaa wa Igun, mjini Benin City nchini Nigeria, wasanii wa leo bado husubu sanamu za shaba ya njano kwa njia waliyoirithi kwa mababu, mafundi wa mfalme aitwaye Oba. Malighafi yao mara nyingi ni mabaki ya shaba, kama vile bilula kuukuu. Kazi hii ni sanaa, lakini kila hatua yake yategemea sayansi.

Kwanza msanii hufinyanga kiini cha udongo, akakifunika kwa nta na kuchora juu yake kila alama aitakayo. Huongeza vijiti vya nta vitakavyoacha mifereji ya kupitishia madini. Kisha huifunika nta hiyo kwa udongo, tabaka baada ya tabaka. Udongo ukichomwa, nta huyeyuka na kutoka, na nafasi inayobaki huwa kalibu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 64 hivi za Sentigredi. Shaba ya njano huhitaji zaidi ya 900.

Hapo ndipo penye hatari. Maji yageukapo mvuke, ujazo wake huongezeka mara 1,700 hivi. Madini ya moto yakikuta unyevu uliojificha ndani ya udongo, mvuke hukosa njia, kalibu hupasuka na madini humrukia mmiminaji. Kwa hiyo kukauka kwa nje hakutoshi. Sharti kalibu ichomwe mpaka ndani. Tena, zinki iliyomo katika shaba ya njano huchemka kwenye nyuzi 907 na kutoa moshi mweupe unaodhuru. Haifai kumimina katika chumba kisichopitisha hewa.

Je, madini kiasi gani yanahitajiwa? Tuseme nta yote ina gramu 480. Densiti ya nta ni 0.96, na ya shaba ya njano 8.5, kwa gramu katika sentimita moja ya ujazo. Basi:

Ujazo: 480 ÷ 0.96 = 500
Tungamo: 500 × 8.5 = gramu 4,250

Msanii huyeyusha zaidi kidogo ya hapo. Madini yakipungua, sanamu hutoka na kasoro, wala hana pa kurudia: nta imekwisha kutoka, na kalibu huvunjwa ili kuitoa sanamu.

Zoezi: Kokotoa tungamo la sanamu hiyo kama ingesubiwa kwa alumini yenye densiti 2.7.