Haki ya Nyuki katika Bustani ya Nyumbani

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu: jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa mwenye kupanda maboga uani kwake, hapa pwani au huko Guta ya Bunda, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, pengine huona viboga vichanga vikigeuka manjano na kuanguka, akadhani ni jicho la hasidi. La! Mche wa boga hutoa maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na unga wa ua la kiume ni mzito wenye kunata. Upepo hauuwezi, huchukuliwa na nyuki. Na maua hayo hufunguka alfajiri, yakafumba kabla ya adhuhuri. Basi apuliziaye pamba yake dawa asubuhi, na bustani iko ubavuni, amemwua mtumishi wake kazini, na Abu Daud amepokea kwa Ibn Abbas kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa nyuki, chungu, hudihudi, na ndege aitwaye surad. Dawa ikiwa haina budi, ipigwe magharibi.

Tena usifagie ukachoma kila pembe. Nyuki wengi hukaa peke yao, katika mashimo ya ardhi na mabua matupu. Waachie mabua ya mtama, mrehani uliochanua, na kisahani cha maji chenye vijiwe, wapate kutua wasizame.