Je, Asiye na Hatia Aweza Kuadhibiwa Badala ya Mwenye Hatia?

Aliyewahi kuishi hosteli moja na Balokole hapa Kampala hana haja ya kuelezwa habari ya damu ya msalaba. Tangu uamsho wao ulipotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda miaka ya 1930, hilo ndilo neno lao la kwanza: Yesu alibeba adhabu yangu. Mwenzangu wa chumba huniambia hivyo kila wiki, na Ramadhani ndiye huniamsha kula daku. Mtu wa namna hiyo hujibiwa kwa hoja, si kwa kejeli.

Tumwelewe kwanza. Anasema dhambi haiwezi kupita bila adhabu, basi Yesu asiye na dhambi akaadhibiwa badala yetu. Si Wakristo wote wanaolieleza jambo hili hivyo. Anselm wa Canterbury, katika karne ya 11, alizungumzia zaidi heshima ya Mungu kulipwa fidia. Adhabu hasa ilitiliwa mkazo na kina Calvin katika karne ya 16.

Tofauti hiyo si ndogo. Deni hulipwa na mtu mwingine: Abu Qatada (R.A.) alibeba deni la maiti, ndipo Mtume (S.A.W.) akamsalia. Hata faini, mjomba akikulipia mahakamani unapewa risiti unakwenda zako. Lakini kaka yako akifungwa Luzira, huwezi kuingia wewe ili yeye atoke, hata ukilia. Mwenye kudai anataka mali yake, imetoka mfuko gani haimhusu. Adhabu inamtaka mkosaji mwenyewe.

Soma Surat Yusuf, aya ya 78 na 79. Ndugu waliomba achukuliwe mmoja wao badala ya mdogo wao, wamwonee huruma baba yao mzee. Yusuf (A.S.) akakataa: kumshika mwingine asiyekutwa na kikombe kungekuwa dhuluma. (Kwamba kijana hakuiba ni habari nyingine, tunatazama kanuni.) Na ombi lilitoka kwao wenyewe, hawakulazimishwa. Kwa hiyo jibu la kwamba Yesu alijitolea halitoshi. Hiari yaweza kumwondolea lawama anayejitoa. Hatia ya mwenziwe inabaki palepale.

Mwenzangu naye ana swali lake: Mungu wenu akisamehe bila adhabu, haki ya aliyedhulumiwa iko wapi? Wengi wetu hukimbilia aya ya 164 ya Surat al-An'am, kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwingine, tukadhani tumemaliza. Hatujamjibu. Jibu limo katika hadithi ya muflisi, iliyopokewa na Muslim: mtu anakuja Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alitukana, akala mali za watu, akapiga. Wanagawiwa mema yake. Yakiisha, anatwikwa dhambi zao.

Alipoisikia akaruka: si dhambi zimehamishwa hizo? Al-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, amenukuu jibu la al-Maziri: huyo anaadhibiwa kwa dhuluma yake mwenyewe. Wanaomdai wana haki juu yake, na hana tena cha kuwalipa. Haki ya mja haifutwi juu kwa juu. Mwenyewe asamehe au alipwe.

Nilimweleza hayo usiku, nikijiona nimeshinda. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeshamwomba radhi jirani yetu niliyemtukana juzi kwa ajili ya mtungi wa gesi.

Nilikuwa bado.