Laptopu Inapokataa Kulala: Hatua za Kufuata Kabla ya Kumwendea Fundi

Mfanyakazi wa shamba la maua anayesomea stashahada jioni anaandika kazi yake hadi usiku wa manane huko Kamere. Asubuhi anafunga kifuniko cha laptopu, anaitia mkobani na kupanda matatu ya kwenda mjini Naivasha. Anapoitoa, mkoba una joto, feni inavuma na betri iliyokuwa imejaa imebaki na asilimia chache. Wakati mwingine mashine huwa imezimika kabisa, na kurasa ambazo hazikuhifadhiwa zimepotea. Wengi hudhani ni virusi au kwamba betri imekufa, wakakimbilia kununua nyingine. Mara nyingi sababu ni nyepesi zaidi: laptopu haikulala.

Kamere iko kando ya barabara ya Moi South Lake, karibu na mitambo ya mvuke ya Olkaria ambayo ilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Ujirani huo hauzuii stima kupotea. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi. Siku kama hiyo, mwenye laptopu inayojua kulala vizuri huamka na kazi yake ikiwa salama. Asiye nayo huanza upya.

Makala haya yanahusu laptopu zinazotumia Windows 10 na Windows 11.

Aina mbili za usingizi

Usingizi wa kwanza ni mwepesi. Kwenye skrini huitwa "Sleep". Kioo huzimika na kazi hubaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo huhitaji umeme kidogo wakati wote. Mashine huamka kwa sekunde chache, lakini betri ikiisha, kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea.

Usingizi wa pili ni mzito, nao huitwa "Hibernate". Kompyuta hunakili kila kilichofunguliwa hadi kwenye diski, kisha hujizima kabisa. Haihitaji umeme hata kidogo. Ikiwashwa, hata baada ya wiki mbili, hurudisha kila dirisha lilipoachwa. Huchukua muda kidogo zaidi kuamka.

Kwa hivyo usingizi mwepesi unafaa mtu anapoenda kunywa chai. Kwa safari, kwa usiku mzima, au pale stima inapopotea mara kwa mara, usingizi mzito ndio salama. Hata hivyo, hakuna usingizi unaochukua nafasi ya kuhifadhi kazi. Kabla ya kujaribu hatua zozote hapa chini, mtumiaji ahifadhi kila alichokifungua.

Hatua ya 1: Kuangalia kifuniko kimeagizwa nini

Kompyuta hutii maagizo iliyopewa, na huenda iliagizwa isifanye lolote kifuniko kinapofungwa. Mtumiaji afungue "Control Panel", aende "Hardware and Sound", kisha "Power Options", na achague "Choose what closing the lid does". Ataona safu mbili: moja ya wakati mashine inatumia betri, nyingine ya wakati iko kwenye chaja. Pakiandikwa "Do nothing", kosa limepatikana. Kwa anayesafiri na laptopu, safu ya betri inafaa iwekwe "Hibernate". Akimaliza, abofye "Save changes".

Hatua ya 2: Kuiuliza kompyuta inajua kulala vipi

Chaguo la "Hibernate" linaweza kukosekana kabisa. Hapo mtumiaji aandike "cmd" kwenye kisanduku cha kutafutia, abofye "Command Prompt" kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na achague "Run as administrator". Katika dirisha jeusi aandike:

powercfg /a

Kompyuta itaorodhesha aina za usingizi inazoziweza, na kwa zile isizoziweza itataja sababu. Ikisema usingizi mzito haujawashwa, aandike:

powercfg /h on

Kisha arudi "Power Options", achague "Choose what the power buttons do", abofye "Change settings that are currently unavailable" na atie alama kwenye "Hibernate".

Usingizi huu huhitaji nafasi kwenye diski. Kwa kawaida Windows hutenga takriban asilimia 40 ya ukubwa wa kumbukumbu ya muda. Laptopu yenye GB 8 hutengewa zaidi ya GB 3. Diski iliyojaa filamu na picha huenda isiwe na nafasi hiyo.

Hatua ya 3: Kumtafuta anayeizuia kulala

Wakati mwingine maagizo ni sahihi, lakini kioo kinakataa kuzimika mashine ikiachwa. Hapo kuna programu au kifaa kinachoiambia isilale. Katika dirisha lilelile mtumiaji aandike:

powercfg /requests

Palipoandikwa "None" hapana kizuizi. Pakitajwa jina, huyo ndiye anayeikesha. Mara nyingi ni video au muziki unaocheza kwenye kivinjari, au faili linalosomwa na kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kwenye saiba, kazi ya kuchapisha iliyokwama kwenye printa ni ya kuangaliwa mapema. Dawa ni kufunga programu hiyo au kufuta kazi iliyokwama, kisha kujaribu tena.

Hatua ya 4: Inalala, kisha inaamka yenyewe

Hapa swali ni nani aliyeiamsha. Amri ya kuandika ni:

powercfg /lastwake

Huenda kikatajwa kipanya au kadi ya mtandao. Kipanya kisicho na waya kilichotiwa mkoba mmoja na laptopu kinaweza kuiamsha kwa kila mtikiso wa matatu. Mtumiaji afungue "Device Manager", abofye jina la kifaa hicho mara mbili, aende "Power Management" na aondoe alama kwenye "Allow this device to wake the computer".

Laptopu mpya kadhaa zina usingizi mwepesi wa aina nyingine, ambapo mashine huendelea kupokea barua pepe na masasisho huku kioo kimezimwa. Amri ya hatua ya 2 huutaja kwa maneno "S0 Low Power Idle". Mashine kama hiyo ikipata moto mkobani, si lazima iwe mbovu. Iwekewe usingizi mzito kabla ya safari.

Hatua ya 5: Laptopu iliyowekewa Windows upya

Wakazi wengi hununua laptopu zilizokwisha kutumika, na muuzaji huwa amezisafisha na kuziwekea Windows upya. Draiva ya kioo ikisahauliwa, chaguo la "Sleep" lenyewe hutoweka. Dalili huonekana katika "Device Manager", chini ya "Display adapters": pakisomeka "Microsoft Basic Display Adapter", draiva sahihi haipo. Mtumiaji asome namba ya modeli chini ya laptopu na achukue draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, si kwenye tovuti yoyote inayojitokeza kwanza.

Kampuni hizo pia hutoa masasisho ya BIOS, programu inayoamsha mashine kabla ya Windows. Kazi hiyo ifanywe betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, laptopu inaweza isiwake tena.

Kinga ya stima kupotea

Katika "Power Options", mtumiaji abofye "Change plan settings", kisha "Change advanced power settings", afungue "Battery" na aweke "Critical battery action" iwe "Hibernate". Betri ikikaribia kuisha, kompyuta itahifadhi kila kitu na kujizima. Kinga hii haiwezi kumsaidia mtu ambaye betri yake imekufa na anategemea chaja pekee, kwa kuwa stima ikikatika mashine huzimika papo hapo.

Wenye saiba wana jukumu la ziada. Laptopu inayoamka hurudisha kila kilichoachwa wazi, ikiwemo akaunti ya eCitizen au ya KRA ya mteja aliyekuja kujaza marejesho kabla ya Juni 30. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Mteja aondolewe kwenye akaunti kabla hajatoka, na kompyuta iwekwe nywila ya kuamkia.

Wakati wa kumwona fundi

Betri iliyovimba, kifuniko kisichokaa sawa au harufu ya kuungua ni hatari. Laptopu izimwe, isichajiwe wala kutobolewa, na ipelekwe kwa fundi. Fundi pia anahitajika ikiwa kifuniko hakitambuliki kinapofungwa ingawa maagizo ni sahihi, kwani sensa yake huenda imeharibika. Laptopu ya mwajiri au ya shule ipelekwe kwanza kwa msimamizi wake, kwa sababu maagizo yake huenda yamefungwa makusudi.

Jaribio la mwisho ni rahisi. Mtumiaji afungue waraka, aandike sentensi moja na kuihifadhi, kisha achague "Hibernate". Asubiri taa zote zizimike na feni inyamaze ndipo aitie mkobani, hasa kama laptopu ina diski ya zamani inayozunguka, ambayo huumizwa na mitikiso ya barabara. Akiiwasha baadaye na kuikuta sentensi yake pale alipoiacha, kazi imekamilika, na hakuna senti iliyotumika.