SOMO: MSIMU WA KAHAWA NA REJESTA YA SHULE

Kila ufikapo mwezi wa Septemba katika miteremko ya Kilimanjaro, daftari la mapokezi la chama cha msingi hujaa, na rejesta ya mwalimu huonyesha mapengo. Mambo haya mawili yana uhusiano, na katibu aliye makini huyasoma pamoja. Mtoto ambaye hakuitikia jina lake darasani siku ya Jumanne, mara nyingi ndiye aliyeonekana siku hiyohiyo penye mizani ya chama, akimshikia bibi yake mdomo wa gunia.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimu mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 elimu ikatolewa bila ada hadi kidato cha nne. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba sasa mzazi hana kisingizio tena. Wasemao hivyo wanaharakisha. Sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana havikufutwa pamoja na ada. Na mikono ya mtoto ina thamani shambani kila kahawa inapoiva.

Hasara ya utoro wa siku mojamoja haionekani upesi, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea hesabu. Mwaka wa masomo huwa na siku 194 hivi. Mtoto akikosa siku moja tu kila juma, tuseme siku ya soko, amepoteza siku 39 kwa mwaka. Kwa miaka sita ni siku 234, yaani zaidi ya mwaka mzima wa masomo, ingawa hakuna siku hata moja ambayo mzazi aliamua kumwachisha mtoto shule. Hesabu hii yafaa iandikwe kwa chaki ubaoni siku ya mkutano, wanachama waikokotoe wenyewe.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kahawa huvunwa kwa mikupuo kati ya Julai na Desemba, kwa kuwa matunda ya mti mmoja hayaivi siku moja. Tunda bivu lililochumwa leo hutakiwa limenywe leo. Likilala huanza kuchacha na kuharibu ubora, na ubora ukishuka bei hushuka. Mkulima hana nafasi ya kungoja. Mwenye vijana wenye nguvu nyumbani, au mwenye fedha za kuwalipa vibarua, humaliza mkupuo kwa siku moja. Asiye navyo humchukua mtoto wa darasa la tatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Lakini sheria haichumi kahawa, na mzee aliyebaki peke yake kihambani anayajua hayo.

Uchukuliwe mfano wa mjane mwenye wajukuu wawili. Mwalimu mkuu amekwisha mwandikia barua mbili, na afisa mtendaji amemtishia faini. Katibu wa chama anakwenda kumwona jioni, anamwamkia, anauliza habari za nyumbani kabla ya habari za shule. Anaambiwa: "Mwanangu, sikatai wasome. Nionyeshe wewe nani atachuma." Jibu hilo halitatuliwi kwa faini, kwa maana faini italipwa kwa fedha ileile ambayo ingenunua sare. Linatatuliwa kwa mikono. Wanachama sita wakifanya msaragambo wa nusu siku kwa zamu katika mashamba ya wazee, wajane na wagonjwa, mkupuo huisha kabla ya kengele ya mchana, na wajukuu wako darasani. Chama chenye mtambo wa pamoja wa kumenya kinaweza kufanya zaidi: kupanga kitongoji fulani kipokelewe Jumamosi, ili siku ya uchumaji mkubwa isigongane na masomo.

Jambo la pili ni fedha, na hapa makatibu wengi huingia matatani kwa nia njema. Chama kikitaka kuwa na mfuko wa elimu wa kusaidia sare na madaftari, uamuzi ni wa mkutano mkuu, si wa katibu wala wa bodi peke yake. Makato kwa kila kilo yatajwe waziwazi katika muhtasari, kisha yaonyeshwe katika stakabadhi ya mkulima. Mfuko uwe na ukurasa wake katika leja. Kilichotoka kiwe na hati ya malipo yenye sahihi ya mpokeaji. Mfuko usio na vitabu huzaa maneno, na maneno huua mfuko. Ni vyema pia chama kinunue vitambaa na madaftari kwa jumla mwezi wa Desemba, kabla ya shule kufunguliwa Januari, kuliko kugawa fedha taslimu ambazo zina njia nyingi za kupitia.

Jambo la tatu ni heshima. Majina ya watoto watoro yasisomwe katika mkutano. Mzazi aliyeaibishwa mbele ya jirani zake hatarudi kwenye mkutano unaofuata, na huenda kahawa yake akaipeleka kwa mnunuzi wa njiani. Yatosha mwalimu mkuu na katibu wakutane mara moja kila mwezi wakati wa msimu, rejesta na daftari la mapokezi vikiwa mezani, na kuona ni nyumba zipi zinahitaji msaada. Watakuta pia sababu zisizohusu kahawa: mtoto anayechota maji mbali asubuhi, msichana anayekosa siku zilezile kila mwezi kwa kuwa shule haina choo cha staha, mwanafunzi anayelala njaa. La choo ni la kamati ya shule, lakini nguvu za kuchimba na kuchangia tofali wanazo wanachama walewale.

Katibu atakayeanza msimu huu aandike katika ajenda ya kikao kijacho cha bodi: "Zamu za msaragambo wa mavuno na siku za mapokezi kwa kila kitongoji." Mwalimu mkuu aalikwe kwa ajenda hiyo tu, naye aje na rejesta ya Septemba ya mwaka uliopita.