Unataka gari ndogo ya biashara? Piga hesabu hizi kabla hujagusa hela ya mzigo

Somo la leo refu kidogo, tafuta chai ukae.

Kuna hatua duka likifika, bodaboda na bajaji zinaanza kuonekana kwenye matumizi. Asubuhi umefuata mzigo Soko la Job Ndugai, mchana uko Majengo, jioni unapeleka oda ya mteja Ilazo. Hapo ndipo wazo la gari linakuja. Shida ni kwamba gari ya kwanza ya mfanyabiashara mdogo mara nyingi inanunuliwa kwa hela ya mzigo. Ukichagua vibaya, gari inapaki mlangoni na ndani rafu ziko wazi. Kwa hiyo leo hatutafuti gari kali. Tunatafuta gari ambayo haitakula duka.

1. ELEWA "MPYA" MAANA YAKE NINI

Mtaani gari mpya zipo za aina tatu. Kuna zero kilometa ya kwa wakala, mfano Toyota Starlet ya siku hizi, ambayo kiundani ni Suzuki Baleno inayotengenezwa India. Kuna iliyotumika Japan halafu ikaingia nchini mara ya kwanza. Na kuna ya mkononi, ambayo muuzaji anainadi kwa herufi: "Hii namba E kaka, mpya kabisa!"

Usidanganyike na herufi. Namba inakuambia gari imesajiliwa lini Tanzania, haikuambii imetengenezwa lini. Gari ya 2005 inaweza kuwa na namba E, na ya 2012 ikawa na namba D. Omba kadi ya gari, soma mwaka wa kutengenezwa na cc za injini. Hapo ndipo bei ianze kuongelewa.

2. CC NA UMRI VINAPANDISHA KODI

Ukiagiza gari ya kutembelea iliyotumika, kuna ushuru wa forodha 25% na VAT 18%. Halafu kuna ushuru wa bidhaa unaoangalia injini: isiyozidi cc 1000 haitozwi, kuanzia hapo hadi cc 2000 ni 5%, zaidi ya hapo 10%. Ndiyo maana Passo na Vitz za cc 996 zinapendwa. Lakini angalia vizuri, Passo na Vitz za cc 1300 nazo zipo, na kwa nje zinafanana.

Juu yake kuna ushuru wa uchakavu. Gari ya miaka 8 hadi 10 inaongezewa 15%, iliyozidi miaka 10 inaongezewa 30%. Hapa wengi wanapigwa na bei ya Japan. Unaona gari ya zamani rahisi, unafurahi, kumbe kodi inakusubiri bandarini. Kabla hujatuma hela, ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka gari ileile ya miaka miwili tofauti, kisha linganisha jumla: bei, usafiri na kodi. Wakati mwingine tofauti na gari changa ni ndogo kuliko ulivyodhani. Na viwango vinaweza kubadilika kila Bajeti, kwa hiyo angalia siku unayoagiza, usitumie hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka jana.

3. HESABU YA MAFUTA IANZIE KWENYE KILOMITA ZAKO

Usiulize "inakula mafuta kiasi gani?" Anza na "mimi natembea kilomita ngapi?"

Tufanye mfano. Gari A inakwenda kilomita 16 kwa lita, gari B kilomita 12. Gari A ni ghali kwa milioni 3. Lita moja tuiweke Sh 3,000.

Ukitembea kilomita 60 kwa siku, siku 26, ni kilomita 1,560 kwa mwezi. Gari A inataka lita 97.5, gari B lita 130. Tofauti lita 32.5, sawa na Sh 97,500 kila mwezi. Ile milioni 3 inarudi kwa miezi kama 31. Hapo A inaeleweka.

Ukitembea kilomita 15 tu kwa siku, tofauti inashuka hadi Sh 24,375 kwa mwezi. Milioni 3 itarudi baada ya miaka zaidi ya 10! Hapo chukua B, milioni 3 irudi dukani ikazunguke.

Bei ya kuweka kwenye hesabu usiikisie. EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa kila mji. Chukua ya Dodoma, siyo ya Dar, maana sisi mafuta yanatufikia kwa safari ndefu.

Jambo lingine: mwaka 2017 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Maana yake anayeunguza lita nyingi ndiye anayelipa zaidi.

4. PIMA MWENYEWE, USIAMINI MDOMO

Jaza tenki mpaka bomba lijikate. Andika kilomita. Tembea kazi zako za kawaida siku tatu nne. Rudi kituo kilekile, jaza tena mpaka lijikate. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizoongeza. Umetembea 210 na umeongeza lita 15? Hiyo ni kilomita 14 kwa lita. Namba zinazoandikwa kwenye matangazo ya Japan zimepimwa maabara, barabarani huwa zinashuka.

Mwenye gari ndogo akikuruhusu kumpimia hivi, utapata jibu bora kuliko la dalali.

5. MZIGO: USIIBEBESHE ISICHOWEZA

Kirikuu ya cc 660 kwa sheria ya Japan inabeba kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya kilo 50. Probox inabeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Passo na Vitz ni za watu na mizigo midogo.

Sasa chukua tani moja ya mahindi Kibaigwa, kama kilomita 90 kutoka mjini. Kwa kirikuu ni safari tatu, kilomita 540 kwenda na kurudi. Hapo mtu wa fuso anayerudi mjini na nafasi atakubebea kwa nafuu kuliko petroli yako. Mzigo mkubwa ulipie nafasi kwenye lori, gari ndogo ifanye usambazaji wa mjini. Ukizidisha mzigo, breki, springi na tairi vinaisha, na ule unafuu wa mafuta haupo tena.

6. MOSHI: SOMA VISTIKA VYA KIJAPANI

Vile vistika kwenye kioo cha nyuma watu wanavibandua, kumbe vina faida. Kijapani hujui, lakini namba unazijua. Kikiwa na nyota nne na 75%, gari ilipotoka kiwandani ilikuwa inatoa hewa chafu pungufu kwa 75% ukilinganisha na kiwango cha Japan cha 2005. Nyota tatu ni 50%. Cha mafuta kina maandishi kama 22 na +20%: 22 ni mwaka wao wa kifalme, yaani 2010, na gari ilipita lengo la matumizi ya mafuta la mwaka huo kwa 20%.

Ila kistika hakitasaidia kama masega yameng'olewa yakauzwa. Masega ndiyo yanasafisha moshi kwenye ekzosi. Gari ya mkononi ipandishe juu, fundi aangalie kama yapo. Na kumbuka kila lita ya petroli inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Zile lita 32.5 za kwenye mfano ni kama kilo 75 kila mwezi. Ukiokoa mfuko wako, umeokoa na hewa.

Haibridi kama Toyota Aqua inaokoa mafuta kweli, hasa mjini kwenye simama-nenda. Lakini kabla ya kununua, betri ile kubwa ipimwe kwa mashine, na bei ya betri nyingine uwe unaijua.

7. DODOMA INA MAMBO YAKE

Tuko kama mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inapoteza kama 10% ya nguvu. Cc 660 ikiwa na mzigo kwenye mlima utaisikia inalia. Halafu vumbi. Chujio la hewa likiziba, injini inakosa nguvu, kwa hiyo lifungue ulicheki mara kwa mara, hasa kiangazi. Upepo wa tairi upime kila wiki. Gia boksi ya CVT iwekewe oili yake, siyo yoyote iliyopo kwa fundi.

8. SWALI LA MWISHO: DUKA LINAIWEZA?

Chukua daftari. Siku 30 andika kila hela unayotoa ya boda, bajaji na kirikuu ya kukodi. Upande wa pili andika mafuta, oili, tairi, bima, maegesho na akiba ya ubovu. Kama upande wa gari ni mkubwa na hauna mauzo mapya ya kuufidia, endelea kukodi. Hakuna aibu. Ukiona inalipa, nunua kwa akiba ya faida, mzigo usiuguse. Kama ni ya mkononi, cheki kwanza faini za trafiki, deni la maegesho na bima kwenye TIRA MIS, kisha badilisha umiliki siku hizohizo.

Gari ya biashara inapimwa kwa kinachobaki kwenye droo mwisho wa mwezi. Mtumie somo hili mwenzako anayezunguka yadi wiki hii, kabla hajalipa advansi.